Sauti Kando ya Pazia: Watambaji wa Sinema ya Japani

Tumezoea kusema kwamba sinema ilizaliwa bubu, ikakaa miaka thelathini na ushei bila kutamka neno, kisha ikapata ulimi. Ukiwaambia hivyo Wajapani wanaoijua historia yao watakusahihisha. Kwao, tangu picha za kwanza, kando ya pazia jeupe alisimama mtu aliyesema yote: maneno ya bwana na ya mtumwa wake, kilio cha mama, mlio wa mvua, hata yale ambayo mhusika aliyafikiri tu moyoni. Mtu huyo aliitwa benshi.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atamwelewa upesi. Aliyewahi kubanana katika kibanda umiza akimsikiliza DJ akitafsiri picha ya Kichina, akimbatiza steringi jina la mtaani na kumtukana adui kwa niaba ya ukumbi mzima, amekwisha kukutana na mtu wa kazi hiyo. Lakini hakuna aliyemfundisha mwenzake. Japani ilifika huko kwa njia yake yenyewe.

Mashine ya kwanza ya kutazamia picha zinazotembea, ile ya Edison ya kuchungulia mtu mmoja mmoja, ilionyeshwa Kobe mwaka 1896. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Katsutaro Inabata alileta Osaka mashine ya akina Lumière. Alikuwa amesoma Lyon, shule moja na Auguste Lumière. Picha zenyewe zilikuwa fupi mno, za chini ya dakika moja, na watu walikuwa wamelipa kiingilio. Ilibidi mtu asimame aeleze mashine inafanyaje kazi, hao Wazungu ni akina nani, na kwa nini wamevaa vile. Maelezo yalichukua muda mrefu kuliko picha.

Wengi huishia hapo: benshi alizaliwa kwa sababu picha zilikuwa fupi na ngeni. Mimi naona mzizi uko chini zaidi. Katika bunraku, tamthilia ya wanasesere, mwanasesere hufungua mikono na kuinamisha kichwa, na sauti yake hutoka kwa mtambaji aliyeketi pembeni pamoja na mpiga shamisen, kinanda cha nyuzi tatu. Mtambaji huyo mmoja ndiye mzee, ndiye binti, ndiye mwuaji. Hajifichi. Watazamaji humwona jasho likimtoka na hawaoni ajabu yoyote, kwa kuwa kwao mwili unaocheza na sauti inayosema vinaweza kukaa mahali pawili. Watu waliolelewa hivyo, walipoona vivuli vikitembea juu ya kitambaa, waliona wanasesere wengine. Kilichobaki ni kumtafuta mtambaji.

Na mtambaji alikuwa na mamlaka. Inasimuliwa kwamba picha fupi ya Kimarekani ya watu wawili wakibusiana ilipofika Osaka, polisi walikaa chonjo, kwani busu hadharani lilikuwa aibu kubwa. Benshi akaueleza umati kwamba kwa Wamarekani busu ni salamu tu, kama sisi tunavyompiga mtu begani. Picha ikapita. Mwaka 1908 ikaja filamu ya Mapinduzi ya Ufaransa, na kumwonyesha mfalme akiangushwa na raia wake lilikuwa jambo la hatari katika nchi ya mfalme mkuu. Louis wa 16 akageuzwa kwa mdomo kuwa mkuu wa majambazi wa pangoni huko Amerika Kaskazini, na raia wa Paris wakawa watu wema waliosaidia kumkamata. Hakuna hata picha moja iliyokatwa. Kila nikikumbuka kisa hiki natambua jinsi jicho lilivyo mtumishi wa sikio.

Serikali nayo ilitambua. Mwaka 1917 polisi wa Tokyo waliweka kanuni kwamba hakuna kupanda jukwaani bila leseni. Aliyelinda maadili ya umma ilimlazimu kumchunguza msemaji kabla ya kuichunguza filamu.

Kufikia mwaka 1927 walihesabiwa benshi wapatao 6,800 nchini kote, kiasi cha 180 wakiwa wanawake. Mabango yaliandika majina yao pamoja na ya waigizaji, wakati mwingine kwa herufi kubwa zaidi, na watu walichagua ukumbi kwa kumfuata msemaji wao. Musei Tokugawa aliwika kwa filamu za nje. Sifa yake ilikuwa kusema machache na kuiacha picha ipumue. Wengine waliijaza kila nafasi. Benshi mkubwa alimpa ishara mwendesha mashine apunguze mwendo hotuba inaponoga. Kulikuwa na waongozaji na wahakiki waliokereka, nao tangu miaka ya 1910 walidai filamu ijitegemee, ijieleze kwa picha na maandishi yake. Hoja yao ilikuwa na haki ndani yake. Lakini umma ulimtaka msemaji wake, na kazi hiyo ilivuka bahari: Korea na Taiwani zilizokuwa chini ya Japani zilipata watambaji wao, hali kadhalika wahamiaji wa Hawaii na Brazili.

Miongoni mwa waliosimama kando ya pazia alikuwa kijana Heigo Kurosawa, aliyetumia jina la jukwaani Teimei Suda. Alikuwa msomaji mkubwa wa riwaya za Kirusi, na alikuwa na mdogo wake aliyemfuata kama kivuli. Baada ya tetemeko la Septemba 1, 1923 lililoiteketeza Tokyo, Heigo alimchukua mdogo huyo, mwenye miaka kumi na mitatu, wakatembea katikati ya maiti. Kila mtoto alipogeuza uso, kaka alimlazimisha atazame. Usiku mtoto alilala bila jinamizi, akashangaa. Kaka akamweleza kwamba kinachotisha ni kile unachokifumbia macho. Huyo kaka ndiye aliyemwelekeza pia filamu za kutazama, na katika kumbukumbu zake za uzeeni mdogo aliorodhesha karibu mia moja.

Mwaka 1931 filamu ya Kimarekani *Morocco* ilionyeshwa ikiwa na sauti yake na maandishi ya Kijapani kwenye picha. Mwaka huohuo kampuni ya Shochiku ikatoa filamu ya sauti ya Heinosuke Gosho, nayo ikapendwa sana. Wenye kumbi hawakuchelewa kupiga hesabu, na vibarua vya benshi na vya wapiga muziki vikaanza kuota nyasi. Mwaka 1932 wakagoma. Heigo aliwekwa mbele kuongoza mgomo. Madai yao hayakuwa kwamba sayansi irudi nyuma, walijua haitarudi. Walitaka watu waliojaza zile kumbi wasifukuzwe kama vyombo vilivyokwisha kazi. Mgomo ulishindwa. Mwezi Julai 1933 Heigo alijiua, akiwa na miaka ishirini na saba.

Wenzake walitawanyika. Wengine walikwenda kusimulia watoto hadithi kwa picha za karatasi barabarani, wengine wakawa wachekeshaji, na Tokugawa akapata kimbilio redioni, ambako sauti yake ilijulikana nchi nzima. Siku moja Tokugawa alimtazama sana msaidizi kijana wa mwongozaji katika studio, akamwambia kwamba amefanana na kaka yake kabisa, ila kaka alikuwa filamu hasi na yeye ni chanya. Kijana huyo alikuwa Akira Kurosawa, atakayetengeneza *Rashomon* mwaka 1950 na kueleza baadaye kwamba kwa filamu hiyo alikuwa akirudi kuutafuta uzuri wa filamu zisizo na sauti.

Mwaka 1952 Shunsui Matsuda, aliyekuwa benshi tangu utotoni, alianzisha kampuni ya kukusanya na kutunza mikanda ya zamani iliyokuwa ikipotea kila siku. Ni kwake Midori Sawato alijifunza kazi, naye akaja kuwa benshi mashuhuri kuliko wote wa zama zetu. Mwaka huohuo wa 1952 ilitoka *Ikiru* ya Kurosawa, hadithi ya karani wa manispaa aliyekaa ofisini karibu miaka thelathini bila kukosa siku moja. Inaanza na picha ya eksirei ya tumbo lenye saratani. Hakuna mhusika anayefungua kinywa. Kisha, kutoka nje ya picha, sauti ya mwanamume inaanza kutueleza tumbo hilo ni la nani.