Carl Foreman: mwandishi aliyenyang'anywa jina lake

Filamu ya Born Free inatimiza miaka 60 mwaka huu wa 2026. Wakenya wengi wa rika la wazazi wetu wanamkumbuka simba jike Elsa, wanawakumbuka Joy na George Adamson waliomlea, na wanajua kwamba filamu hiyo ilipigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Majina ya waliokuwa nyuma ya kamera hayakumbukwi. Mwandishi anayetajwa ni Gerald L. C. Copley. Hilo ni jina la bandia la Lester Cole, mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliofungwa kwa kukataa kujibu maswali kuhusu ukomunisti. Mtayarishaji mkuu alikuwa Carl Foreman, na yeye alijua vizuri uchungu wa kufanya kazi bila jina.

Foreman alizaliwa Chicago mwaka 1914, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi. Kwa muda fulani katika ujana wake alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, kisha akajitoa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliungana na mtayarishaji Stanley Kramer, na kazi zao zikapendwa upesi: Champion mwaka 1949, kisha The Men mwaka 1950, ambayo ndiyo iliyomtambulisha Marlon Brando kwenye sinema.

Halafu ikaja High Noon. Stelingi wake, Gary Cooper, ni mlinda usalama wa mji mdogo anayepata habari siku ya harusi yake kwamba muuaji aliyemkamata zamani anarudi kwa treni ya saa sita mchana. Anakwenda nyumba kwa nyumba na hata kanisani kuomba msaada, na kila mtu ana udhuru wake. Foreman alikuwa bado anaiandika alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti. Marafiki wakaanza kumkwepa. Baadaye alieleza kwamba maneno aliyoyaweka vinywani mwa watu wa mji ule aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe.

Alitoa ushahidi Septemba 24, 1951, filamu ikiwa katikati ya kupigwa. Alisema kwamba wakati huo hakuwa mwanachama. Alipoulizwa kuhusu miaka ya nyuma na kuhusu wenzake, alinyamaza kwa kutumia haki aliyopewa na katiba.

Hapo ndipo Kramer alipotaka aondoke. Kampuni yao ilikuwa imefunga mkataba mnono na studio ya Columbia, na mshirika anayetajwa mbele ya kamati alikuwa mzigo. Glenn Frankel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu filamu hii mwaka 2017, anaeleza kwamba Cooper na mwongozaji Fred Zinnemann walisimama upande wa Foreman, naye akabaki hadi kamera zikazimwa. Kisha hisa zake zikanunuliwa. Akaachiwa sifa ya uandishi, lakini ile ya utayarishaji ikafutwa. Kwa upande wake, Kramer alishikilia kwamba Foreman hakuwa mkweli kwake kuhusu maisha yake ya zamani. Huenda. Lakini kumkata mtu jina kwenye kazi aliyoibeba mwenyewe ni dhuluma, na sioni hoja ya kibiashara inayoweza kuisafisha.

Cooper alikuwa mhafidhina ambaye mwaka 1947 alishirikiana na kamati hiyohiyo. Hata hivyo, alikuwa tayari kuweka fedha katika kampuni mpya ya Foreman, mpaka shinikizo lilipomlazimisha kujitoa. Mwigizaji John Wayne alikwenda njia nyingine kabisa: mwaka 1971 alitamka hadharani kwamba hakujuta kusaidia kumfukuza Foreman nchini.

Foreman alihamia London, na serikali ya nchi yake ikamnyima pasipoti. Huko aliandika The Bridge on the River Kwai pamoja na Michael Wilson, ambaye pia alikuwa amepigwa marufuku kufanya kazi Hollywood. Filamu hiyo ya mwaka 1957 ilipata tuzo ya Oscar ya uandishi, lakini tuzo ikaenda kwa Pierre Boulle, mwandishi wa riwaya, Mfaransa ambaye hakuandika hata ukurasa mmoja wa mswada ule. Jina la Foreman lilirudi kwa kishindo mwaka 1961, alipoandika na kutayarisha The Guns of Navarone. Born Free ilifuata mwaka 1966, na Young Winston mwaka 1972. Katikati ya miaka ya 1970 alirudi Marekani.

Alifariki Juni 1984 kwa uvimbe wa ubongo. Mwaka huohuo waandaaji wa Oscar waliamua kwamba tuzo ya Kwai ilikuwa haki yake na ya Wilson, aliyefariki mwaka 1978. Wajane wao ndio waliozipokea.

Huku kwetu, stesheni za televisheni bado hukata majina ya mwisho ili kuwahi tangazo, na mabango ya filamu hujaza sura za waigizaji huku mwandishi akikosa hata mstari mmoja. Filamu ya Elsa ikirudishwa hewani mwaka huu, na iachwe iende hadi jina la mwisho.