Miaka sita ya Temin kupuuzwa

David Baltimore alipofariki dunia Septemba 6, 2025, akiwa na umri wa miaka 87, taarifa za msiba zilimtaja kuwa mmoja wa wagunduzi wa kimeng'enya kinachotengeneza DNA kutokana na RNA. Heshima hiyo aliistahili. Lakini ugunduzi ule wa mwaka 1970 ulipatikana pia katika mji wa Madison, jimboni Wisconsin, ambako Howard Temin alikuwa amebishana na wanasayansi wenzake kwa miaka mingi, na ambako jaribio lenyewe lilifanywa na mtafiti kijana kutoka Japani, Satoshi Mizutani. Jina la Mizutani leo halisikiki, na hilo si haki.

Chanzo cha yote ni kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alisaga uvimbe wa saratani wa kuku, akauchuja hadi seli zote zikabaki kwenye chujio, kisha akawadunga kuku wengine majimaji yaliyopita. Nao wakaota uvimbe. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baadaye.

Temin alianza kuvichunguza virusi hivyo vya Rous akiwa mwanafunzi California, ambako mwaka 1958 yeye na Harry Rubin walibuni njia ya kuvihesabu katika seli zilizokuzwa kwenye sahani za maabara. Mwaka 1960 alihamia Maabara ya McArdle ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alipewa vyumba vya chini ya ardhi: kimoja kilikuwa na shimo la kukusanyia maji, na kingine kilipitiwa na mabomba ya mvuke ya jengo zima.

Kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Seli ikiambukizwa hubadilika umbo, na vizazi vyake vyote hurithi umbo hilo. Aina moja ya virusi huzifanya seli kuwa duara, nyingine huzirefusha. Temin akajiuliza: kama sifa inarithiwa, si lazima habari za kirusi ziwe zimeingia katika DNA ya seli? Tatizo ni kwamba kirusi cha Rous hakina DNA. Kina RNA tu, na wakati huo karibu kila mtu aliamini kwamba habari za urithi hutoka kwenye DNA kwenda kwenye RNA, wala hazirudi nyuma.

Mwaka 1964 alitangaza nadharia yake, kwamba kirusi hujinakili kuwa DNA, na nakala hiyo, aliyoiita provirusi, hukaa ndani ya seli. Ushahidi wake mkuu ulikuwa dawa iitwayo aktinomaisini D, inayozuia RNA kutengenezwa kutoka kwenye DNA. Virusi vingi vya RNA haviijali. Lakini seli zilizokuwa na virusi vya Rous zilipowekewa dawa hiyo ziliacha kuvizalisha. Wapinzani walijibu kwamba dawa ile ni sumu, na seli iliyolishwa sumu haiwezi kuwa shahidi wa chochote. Alipojaribu kuonyesha kwamba DNA ya seli zilizoambukizwa inaoana na RNA ya kirusi, tofauti iliyojitokeza ilikuwa ndogo mno kuwaridhisha. Hata hivyo, huko Prague, Jan Svoboda alikuwa na seli za panya zenye saratani ya Rous ambazo hazikutoa kirusi hata kimoja, lakini zilipowekwa pamoja na seli za kuku, virusi viliibuka. Vilikuwa vimejificha wapi, kama si ndani ya urithi wa seli? Temin mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba nadharia yake ilipuuzwa kwa miaka sita.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Mizutani. Alizuia seli zisitengeneze protini mpya wakati wa maambukizo, na bado DNA ya kirusi ikatengenezwa. Maana yake kimeng'enya kinachohitajika kinaingia pamoja na kirusi chenyewe. Basi yeye na Temin walikipasua kirusi kwa sabuni ya maabara, wakakiongezea malighafi za DNA zenye alama ya mionzi, wakapima. DNA ikatengenezwa. Walipoiharibu RNA ya kirusi kwanza, kazi ile ikapungua sana.

Temin alitangaza matokeo hayo Houston, Mei 1970. Huko MIT, Baltimore alikuwa amefikia jibu hilo hilo kwa virusi vya panya, akampigia simu. Makala zao zilitoka zikifuatana katika jarida la Nature, Juni 27, 1970. Mwaka 1972 Miroslav Hill na Jana Hillova, waliofanya kazi Ufaransa, walichukua DNA ya seli zilizoambukizwa, wakaiingiza katika seli za kuku, na virusi kamili vikazaliwa. Nobel ya 1975 ilikwenda kwa Temin, Baltimore na mwanasayansi mwenzao, Renato Dulbecco. Temin alifariki mwaka 1994 kwa saratani ya mapafu ilhali hakuwahi kuvuta sigara.

Mwaka 1983 Françoise Barré-Sinoussi, Paris, alitambua kuwepo kwa kirusi cha UKIMWI kwa kupima kimeng'enya kile kile. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza Tanzania walibainika Kagera. Leo kidonge kimoja anachomeza mgonjwa wa Bukoba kina tenofovir na lamivudine, zinazokwamisha kimeng'enya cha Temin na Mizutani, pamoja na dolutegravir, inayozuia integrasi. Integrasi hupunguza ncha za DNA ya kirusi, hukata DNA ya seli na kuziunganisha. Vimeng'enya vya seli yenyewe ndivyo huziba mianya iliyobaki. Nakala iliyokwisha kujipachika haiondolewi na dawa hizo, ndiyo maana dawa humezwa kila siku, na mgonjwa akiziacha, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache. Januari 2025 Marekani, nchi yao Temin na Baltimore, ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki zilizotegemea fedha hizo kwa dawa na wahudumu zikajikuta hazijui zitafanya nini mwezi unaofuata.