Udongo wa majivu ya volkeno wa Sitka

Udongo wa majivu ya volkeno wa Sitka ni udongo mwepesi unaofunika miteremko ya misitu karibu na mji wa Sitka, katika Kisiwa cha Baranof, pwani ya kusini-mashariki ya Alaska (Marekani). Udongo wa asili hiyo huitwa andisoli. Hupatikana pia katika misitu ya Mlima Kilimanjaro.

Majivu yalirushwa na volkeno ya Edgecumbe, iliyoko kisiwa jirani cha Kruzof, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Yaliangukia juu ya udongo mgumu ulioachwa na barafuto, usiopitisha maji kwa urahisi.

Sitka hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika unyevu huo majivu yameoza na kuwa madini laini kama alofani, yanayoshika maji mengi kama sifongo. Misitu mikubwa ya Picea sitchensis na Tsuga heterophylla, jamaa za msonobari, humea juu yake, ingawa alofani hung'ang'ania fosforasi hata mimea ikaipata kwa shida.

Hatari iko kwenye mteremko. Udongo huo ukijaa maji kisha ukatikisika, hulegea ghafla kama uji na kuteleza juu ya tabaka gumu. Mizizi huushikilia, lakini si siku zote: tarehe 18 Agosti 2015, baada ya mvua kali, maporomoko yaliua watu 3 mjini Sitka. Baadaye uliundwa mfumo wa tahadhari unaotegemea utabiri wa mvua.