Uchapaji wa Wavu

Katika maduka ya vitambaa ya soko la Matrah, Muscat, kanga hutandazwa ikiwa bado doti, vipande viwili havijakatwa. Mnunuzi mwenye asili ya Unguja husoma jina, yaani maandishi yake, kwanza, kisha huigeuza nguo aone rangi imepenya kiasi gani. Fundi wa uchapaji angeanzia kwingine: pale wekundu wa mji, yaani sehemu ya katikati, unapokutana na mstari mweusi wa pindo. Kikionekana kiuzi cheupe kati yao, au rangi moja ikiwa imepanda juu ya nyingine, ajue kila rangi ilipigwa peke yake na mojawapo ilihama kidogo.

Kazi hiyo wengi huiita uchapaji wa skrini. Tatizo ni kwamba skrini ya leo na kesho ni kioo cha simu, kitu kisichopitisha rangi. “Uchapaji wa wavu” unaeleza zaidi. Fremu huwambwa kitambaa chenye matundu madogo sana, zamani hariri, siku hizi poliesta. Pasipotakiwa rangi huzibwa. Kisha rangi nzito hukokotwa kwa bapa la mpira, ikapenya palipoachwa wazi. Rangi tatu, nyavu tatu. Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya mbinu hii mwaka 1907.

Kitenzi kuchapa hakina ubishi. Chapa ni neno la Kihindi, na Wahindi ni mabingwa wa zamani wa kazi hii: pamba ya Gujarati iliyogongwa kwa vibao vya mbao imefukuliwa hadi Fustat, Misri. (Hata hivyo “kuchapa vibao” kunaweza kumtisha msomaji, afadhali mhuri wa mbao.)

Kisha ikaja rola ya shaba, hataza ya Thomas Bell ya mwaka 1783. Mchoro huchimbwa kwenye rola na hurudiwa kila inapozunguka, jambo linalofaa vimaua vya gauni. Lakini kuchonga shaba ni ghali, na gharama hairudi ila kwa kuchapa majora kwa majora. Wavu hutengenezwa upesi na hubeba mchoro mpana. Ndiyo maana vitambaa vya mitindo vya miaka ya 1950 huko Ulaya vilijaa maua makubwa na mistari kama ya brashi.

Kanga ilihitaji upana huohuo. Ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina chini yake, katika urefu wa takriban mita moja na nusu. Tena wavu wenye maandishi ukibadilishwa, mchoro uleule hutoka na jina jipya.

Familia zilizohamia Muscat baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na nyingine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zilitoka pwani iliyozoea kanga zilizochapwa Uholanzi na Japani. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 tu. Leo nyingi hutoka India.

Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilileta silinda nyembamba ya nikeli yenye matundu. Wafasiri huiita rola kwa sababu inazunguka, na hapo ndipo wanapokosea. Rola hubeba rangi kwenye mitaro ya nje. Silinda hii husukumiwa rangi kutoka ndani. Iitwe wavu wa mviringo, na ule wa fremu uitwe wavu bapa.