Sebene nayo ni neno la muziki

Juzi mazoezi yalisimama sababu ya maneno. Anayetufundisha alisema: vesi, korasi, briji. Wenzetu wa Kongo wakauliza, "Na sebene tunaiweka wapi?" Wengine wakacheka, eti hilo ni neno la baa tu.

Hapana. Lina historia yake. Kwenye rumba ya Kongo wimbo huanza polepole na beti zake, halafu waimbaji wanapunguza maneno, gitaa linashika kasi, watu wanainuka kucheza. Hapo ndipo sebene. Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, iliacha matarumbeta na kuipa sehemu hiyo nafasi kubwa.

Na jina? Wengi husema limetoka kwa "seven" ya Kiingereza. Wafanyakazi kutoka pwani ya Afrika Magharibi walikuja Kongo na gitaa zao, wakiita hivyo sauti ya saba. Wakongo wakalitamka kwa ulimi wao, likawa lao.

Kumbe hata Kiingereza kikipita kwetu kinabadilika! Kiswahili nacho kina ubeti na kiitikio, na kanisani tuna pambio.

Tumekubaliana hivi: vesi na korasi tutazijua, maana studio wanaziuliza. Lakini kwenye daftari letu sebene itaandikwa. Wadogo zetu waliozaliwa huku hawajaiona Kongo. Tusipowaachia hata neno, watacheza bila kujua wanacheza nini.