Kirusi Kilichopanda Ndege Kampala

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Denis Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Muda si muda, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Hapo akaanza kuulizia hospitali baada ya hospitali.

Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa aina hiyo kikapandishwa ndege kwenda London. Ukungu ukaipeleka ndege Manchester. Kilipomfikia Anthony Epstein, maji yake yalikuwa yamechafuka, ungedhani kimeoza. Kumbe ni seli za saratani zilizokuwa zikielea, zingali hai! Mwaka 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kilichokuwa ndani yake.

Sasa shika hapo. Kirusi hicho, Epstein-Barr, pengine hata wewe unacho; zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Mbona basi hatuugui? Kwa sababu seli T, askari wa damu yetu, hukichunga usiku na mchana.

Mtu aliyepandikizwa uboho hukosa askari hao kwa muda, na kirusi kinaweza kumzalia saratani. Huko Memphis, Marekani, miaka ya 1990, Cliona Rooney na wenzake walichukua seli T za aliyetoa uboho, wakazikutanisha na seli zenye kirusi mpaka zikakijua adui, wakazizidisha maabara, kisha wakampa mgonjwa. Ripoti ya 2010 ilisema wagonjwa 101 walipewa seli hizo kama kinga, na hakuna hata mmoja aliyepata saratani hiyo. Mwaka 2022 Ulaya ikaidhinisha dawa ya namna hii, tabelecleucel.

Na watoto wa Burkitt je? Saratani yao ni janja. Huficha karibu protini zote za kirusi, kwa hivyo seli T huiona kwa shida. Halafu kuna malaria. Watafiti walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria haikauki, na wa Nandi, ambako ni ya msimu tu. Wa Kisumu wenye miaka 5 hadi 9 walikuwa na seli T zinazokijibu kirusi hiki kwa unyonge zaidi.

Kwa hivyo neti juu ya kitanda cha mtoto Kisumu nayo ni sehemu ya vita hivi. Dawa ya Ulaya haikutengenezwa kwa ajili ya saratani yake. Akiugua, bado atatibiwa kwa kemotherapi, kama enzi za Burkitt.