Filamu, Fedha za Serikali na Kiswahili: Somo kutoka Vugiri

Wanafunzi wetu hapa Rusizi hutuuliza: filamu inaihusuje idara ya Kiswahili? Tunawajibu kwa historia.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianzishwa mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, ukiongozwa na L. A. Notcutt. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Maelezo ya filamu yalirekodiwa kwenye santuri. Ukibadilisha santuri, picha zile zile husikika kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine. Hadi mwaka 1937 filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa. Serikali za kikoloni zilipoombwa kubeba gharama hazikukubali, na mradi ukafa.

Baada ya uhuru, Tanzania iliunda kampuni ya filamu ya umma mwaka 1968. Serikali sasa ilikuwa mlipaji, na Kiswahili kikapata nafasi katika sinema.

Nchini Rwanda, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, na sheria ya uwekezaji ya mwaka 2021 ikaweka vivutio kwa wanaowekeza katika filamu. Ng'ambo ya mto wetu, Bukavu, wapo watazamaji wanaozungumza Kiswahili.

Nafuu ya kodi hupunguza gharama za kamera na studio, lakini haiandiki mazungumzo ya wahusika. Kazi hiyo ni yetu, walimu na wanafunzi. Tuanze sasa kufundisha uandishi wa miswada ya filamu na katuni, ili fedha zitakapofika zikute Kiswahili kiko tayari.